Nimewekewa plastiki ndani ya ugoko, na mzee wangu alikataa kwa sababu ya ng'ombe

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo mtanisalimia kwenye comments.

Hiki kimenipata mwenyewe. Nikiongeza chumvi mtaiona tu, form four nimemalizia masomo ya jioni na sikufundishwa kuificha.

Iko hivi. Nilianguka na pikipiki nikitokea Endasak na gunia la maharage. Wenzangu wanasema lilikuwa shimo. Mimi nasema tembo angelala humo na mkewe.

Mfupa wa ugoko ukasagika. Hospitali wakaweka chuma, kidonda kikaoza, wakarudi kuondoa kipande cha mfupa kilichokufa. Likabaki pengo.

Daktari akaniambia wazi, pengo lisipozibwa mguu unaweza kukatwa. Ila kuna wataalamu wanajaribu njia mpya. Wanachapa kiunzi kwa printa ya 3D, plastiki maalum yenye matundu kama sega la nyuki. Wanakijaza chembe za mfupa kutoka nyonga yako, mfupa mpya unaota humo, na plastiki inayeyuka polepole mwilini.

Mimi nikasema lete hata leo.

Mzee wangu akasema hapana.

Kusaini ningeweza, mimi mtu mzima. Lakini kwetu huendi kupasuliwa baba yako akiwa amekupa mgongo.

Sasa mzee ni mfugaji, tupo upande wa Nangwa. Ng'ombe wake wawili walikufa matumbo yamejaa mifuko ya plastiki, na aliwapasua mwenyewe. Akamwambia daktari, "Plastiki haiyeyuki, kijana wangu. Nimeitoa kwa mkono huu, bado ina rangi yake."

Daktari akasema hii ni aina nyingine, mzee.

"Hata ng'ombe aliamini hivyo."

Wodi nzima ilicheka. Mimi nilicheka mpaka chuma kikauma.

Daktari hakubishana, akampa sampuli aishike. Mzee akaipuliza, akaielekeza dirishani, akachungulia kwenye matundu. Mahindi yangeweza kupandwa na kuvunwa akiwa bado anachungulia. Kisha akasema inafanana na kichwa cha mfupa wa paja la ng'ombe ukikipasua kwa shoka.

"Damu inapita humu?"

"Inapita, mzee. Ndiyo kazi ya matundu."

"Haya. Lakini ikikaa kama mfuko, utaitoa nikiwa nimesimama hapo hapo."

Nikapasuliwa.

Baada ya hapo ni magongo, wakuu, na kukatazwa kukanyaga. Kijijini wakaanza kuniita Printa. Kila kliniki mzee alikuja, na kila safari alimuuliza daktari kama plastiki bado ipo.

Juzi picha ya eksirei imeonyesha mfupa umevuka pengo. Plastiki yenyewe bado itachukua muda kuisha. Mzee akaniminya ugoko kama anavyokagua ndama, akasema, "Kumbe mfuko ule ulikosa matundu."

Basi, yameisha.

Nilichojifunza: mzee akikataa tiba usikimbilie kumwita mshamba, muulize ameona nini. Na hii bado ni ya majaribio, haimfai kila mtu, daktari wako ndiye wa kusema.

Jumamosi nimekwenda mnadani Katesh kwa miguu yangu yote miwili. Nachechemea, lakini ng'ombe nimeswaga mwenyewe.

Wewe mzee wako alikataa nini hospitalini, na alikuwa ameona nini? Mwaga hapa.