Wimbo Usio na Watu

Nakumbuka Jumapili moja mikono yangu ilipokataa kushuka. Nilikuwa nimesimama mbele ya kwaya, waumini nimewapa mgongo, mikono nimeiinua tayari kuanzisha wimbo, nayo ikabaki huko huko juu. Sijawahi kukusimulia habari hii, mwanangu, na huenda nisingekusimulia kama si ile juzi ulipokuja kututembelea hapa nyumbani Woodley. Ulikula matonge mawili ya ugali, ukasinzia kitini kompyuta ikiwa mapajani. Mama yako alipojaribu kuiondoa ulishtuka, ukaishika kwa mikono miwili.

"Niko tu sawa, mum," ulisema. "Ni vile hii kazi imekuwa mob, haiishi. Wacha nirekebishe kitu moja tu."

Halafu machozi yakakutoka, ukasema ni kitunguu, na jikoni hakuna aliyekuwa akikata kitunguu. Mzee hajibu kila analoliona. Mengine huyalaza kwanza, akaamka nayo. Leo nimeamka nayo.

Kijana ninayetaka kukusimulia habari zake ni mimi, ingawa siku hizi namtazama kwa mbali, kama jirani niliyewahi kupanga naye ploti moja. Alitoka Kimilili na cheti cha shule na sauti nzuri, akapata ukarani katika ofisi ya bima katikati ya mji. Jumamosi alipanda hadi mtaa wa Loresho kuwafundisha kinanda watoto wa wenye nafasi. Jioni kadhaa za wiki alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu kando ya Barabara ya Ngong. Ofisi ilimlisha, Loresho ilisomesha wadogo zake, na kwaya haikumpa hata nauli. Kwaya aliipenda. Lishike hilo, kwa maana hicho ndicho kilichokuwa hatarini, ingawa yeye alidhani kilicho hatarini ni jina lake.

Jina lenyewe nilipewa na watu. "Wafula hakosei," walikuwa wakisema, nami nikawaamini. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa sikulitia maji. Nililiweka motoni, nikalichemsha mpaka likakaukia chunguni. Matokeo ni yale yale, hakuna aliyekunywa.

Mwaka huo tulikuwa tumemaliza kujenga kanisa jipya na askofu alikuwa anakuja kulifungua. Nilitunga wimbo wa siku hiyo. Ulikuwa wimbo mzuri, nasema hivyo bila haya, maana aliyeutunga simjui tena vizuri. Tukaanza mazoezi. Waliimba mstari mmoja, nikawasimamisha. Wakarudia, nikasikia mtu akivuta pumzi mahali nisipopataka. Wakarudia tena. Kijana mmoja wa sauti ya tatu, fundi wa mabomba aliyekuja mazoezini moja kwa moja kutoka kazini, aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, si sasa iko sawa? Watu wamechoka." Nilimjibu kwamba sawa yake si sawa yangu, naye akainamisha kichwa.

Niliwazoesha jambo moja kuliko yote, kwamba mtu asithubutu kuanza kabla mikono yangu haijashuka. "Macho hapa," nilikuwa nikisema. "Mikono ikinyamaza, nanyi mnanyamaza." Wakazoea. Kulikuwa pia na Mama Mutheu, mtu wa Machakos, muuguzi mkuu wa wodi katika hospitali moja ya mjini, mkubwa wetu sote kwa umri. Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Nilimvuta kando, nikamwomba siku ya askofu afungue mdomo tu, asitoe sauti. Walimu wengi wa kwaya hufanya hivyo na kulala usingizi mzuri. "Sawa, mwalimu," akasema, akarudi mahali pake.

Uchovu ule, mwanangu, haukuja kwa kishindo. Ofisini, feni ikizunguka, niliisikia kama sauti ya pili iliyoshuka kidogo, nikatamani kuisahihisha. Nilijumlisha hesabu zikakubaliana, nikazijumlisha upya kwa kutoziamini. Nilifunga mlango wa chumba changu, nikafika barabarani, nikarudi kuutikisa. Chakula kikakosa ladha. Usingizi ukawa mgeni anayepiga hodi na kuondoka kabla hujafungua. Baya zaidi, sikuusikia wimbo tena. Watu wangu wakiimba, mimi nilisikia makosa tu, yamejipanga foleni. Kuna asubuhi niliamka, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nisione sababu ya kuvaa viatu wala sababu ya kuwepo. Niliogopa sana asubuhi ile. Lakini sikumwambia mtu. Nilinawa uso nikaenda kazini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha hata kwangu mwenyewe.

Ndipo ikafika ile Jumapili. Askofu ameketi, kanisa linanukia rangi mbichi, watu wamejaa mpaka mlangoni. Kwaya ikasimama, nikainua mikono. Kichwani mwangu nilikuwa nautafuta mwanzo usio na dosari, na nikajua wazi kwamba nikishusha mikono tu, utaharibika. Si kwamba nilikataa kuishusha. Niliiamuru, haikutii. Masikio yalijaa mvumo kama wa maji. Mbele yangu kwaya nzima ilikuwa imefungua midomo, macho kwenye mikono yangu, na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Nilikuwa nimewafundisha vizuri mno.

Waumini walidhani ndivyo wimbo unavyoanza. Baadaye kuna mama aliyesema kwamba ukimya ule ulimgusa.

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Aliyeanza ni Mama Mutheu. Alianza chini kupita kiasi, sauti ikitetemeka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Wanaume wa sauti ya nne waliishia kunguruma, kwa kuwa huko chini hawakuachiwa nafasi ya kupita. Kwa vipimo vyangu ilikuwa mbaya. Kanisa likadakia kibwagizo, likaimba nao. Mikono yangu ikashuka yenyewe. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikaketi juu ya mawe yaliyobaki ya ujenzi, nikalia mpaka ibada ikaisha.

Watu walisema yao. Kuna waliosema nimejazwa Roho. Kutoka nyumbani Kimilili ikaja habari kwamba nimerogwa na wenye wivu, na mjomba wangu akajitolea kuja na mtu wa kuniangalia. Ofisini nilisema ni malaria. Malaria ya nchi hii imebebeshwa mizigo mingi isiyo yake.

Kesho yake alasiri Mama Mutheu alikuja chumbani kwangu, bado yuko ndani ya sare yake ya kazi, ameshika chupa ya uji. Hakutaja wimbo. Alinimiminia kikombe akangoja ninywe.

"Unalala?" akaniuliza.

"Kidogo, mama."

"Wafula, mimi si askofu. Usinidanganye."

Nikamwambia yote, hata ile asubuhi ya viatu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kama najua dawa kali hutolewa vipi wodini.

"Tunatoa tukiwa watu wawili," akasema. "Mmoja anasoma, mwingine anaangalia. Mimi nimekaa kwa hii kazi miaka mingi na bado siruhusiwi kutoa peke yangu. Unajua ni kwa nini?"

"Ili msikosee."

"Hapana. Ni kwa sababu hospitali inajua tutakosea. Inajua mtu huchoka, inajua mtu ako na mtoto mgonjwa nyumbani. Pale dawa inaweza kuua, wanakuwekea mwenzako. Sasa wewe, wimbo hauui mtu, na bado umejiweka peke yako. Mimi umenifunga mdomo nikanyamaza, nikasema huyu kijana atajifunza. Lakini wewe hutaki kwaya. Wewe unataka wimbo usio na watu. Na wewe pia ni mtu, Wafula. Sasa ukitoa watu wote, utabaki wapi?"

Nikamwomba msamaha kwa kumnyamazisha, akanipungia mkono kama anayefukuza nzi.

"Hii kitu haitaki maombi peke yake," akasema akifunga chupa. "Tutaomba, na kesho tutaenda hospitali, mimi na wewe. Ukiamka, vaa viatu. Hiyo tu."

Daktari hakushangaa hata kidogo, na kule kutoshangaa kwake kulinituliza kuliko dawa. Alisema akili huugua kama mguu unavyougua, na kwamba sina laana yoyote. Alinipa vidonge, akanitaka nirudi mara kwa mara tuzungumze. Safari hii nilimwambia mkubwa wangu wa ofisi ukweli. Alinuna, kisha akanipa likizo. Loresho niliiacha. Mdogo wangu mmoja alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo, akarudi shule muhula uliofuata, na mpaka leo hukumbuka muhula ule kwa furaha kwa sababu alijifunza kukamua ng'ombe. Mimi nilidhani nikitua mzigo dunia itaanguka. Dunia haikugeuza hata shingo. Kupona nako kulichukua muda, na hata huko kupona nilitaka kukufanya bila kosa. Mama Mutheu alinicheka sana kwa hilo.

Sasa nikuambie sehemu ambayo watu huiruka wanaposimulia mambo kama haya. Nilipona. Nilifanya kazi hadi nikastaafu, nikamwoa mama yako, tukakupata wewe, na maisha yangu siyalalamikii. Lakini kwaya haikunirudia. Waliniita tena, kwa upendo, nikaenda jioni moja. Kabla furaha haijafika, ile foleni ya makosa ikatangulia, nikaaga nikarudi nyumbani. Imepungua na miaka, haijaisha. Kanisani umeniona nikifungua mdomo wakati wa nyimbo. Sauti haitoki, mwanangu. Umewahi kunisikia nikiimba nikinyoa ndevu? Umekulia katika nyumba hii ukiamini kwamba baba yako ni mtu asiyependa muziki, na sikuwahi kukusahihisha.

Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukichora nyumba nyuma ya kalenda za zamani. Ulizipa madirisha mengi kuliko kuta, ukatuletea tuseme kila mmoja atalala chumba gani. Leo unachorea watu nyumba za kweli huko Hurlingham, na mama yako hujivuna kwa kila mtu sokoni. Lakini juzi nilikutazama ukichora kwenye hiyo kompyuta. Uso ulikuwa umeukunja kama mtu anayelipa faini. Nikauona uso ule nikautambua, maana niliwahi kuuvaa.

Basi sikiliza, na ukipenda ubishane nami baadaye. Jua kazi ipi ni dawa na kazi ipi ni wimbo. Nguzo inayobeba nyumba ni dawa. Hapo kuwa mkali, na hata hapo mwombe mwenzako aiangalie, kwa maana kuomba jicho la pili si aibu. Yaliyobaki yakishafika pazuri, yaache yakae. Hakuna masika yasiyokuwa na mbu, na anayengoja masika yasiyo na mbu hatapanda. Usingoje umalize kazi ndipo upumzike, kwa sababu hakuna anayemaliza. Hata waliokufa waliacha mashati kwenye kamba. Anayekusifu kwamba hukosei mshukuru, kisha usimwamini. Ukikosa usingizi, sema. Chakula kikikosa ladha, sema. Ukiamka usione sababu ya kuamka, usinawe uso ukaenda kazini. Mwambie mtu asubuhi hiyo hiyo, hata kama mtu mwenyewe ni mimi na simu yangu unajua naipokea kwa kelele. Sema ukiwa bado unaweza kuchagua maneno, kabla mwili haujakusemea mbele ya watu. Ngoma ikilia sana hupasuka, na aliyeipasua ndiye hukosa cha kupiga.

Wala usiniambie ni kitunguu. Kesho nitakuja Hurlingham tumwone daktari, na nimekwisha kumwambia mama yako, kwa hiyo hapo hakuna mjadala. Sitaki uzeeke ukiwasimulia wanao juu ya kitu ulichokipenda, huku wao wakishangaa kwamba uliwahi kukipenda.

Mungu akupe kazi uipendayo, akupe na jioni ya kuiacha. Akuzungushie watu watakaokuona umechoka kabla wewe hujajiona. Na kila nyumba utakayochora iwe na kikosa kidogo mahali fulani, kisichomdhuru mtu, nawe upite mbele yake na watoto wako, uwaonyeshe kwa kidole, mcheke.