Mashine ya Povu Hainunuliwi kwa Katoni

Siku katoni kutoka Guangzhou, Uchina, iliposhushwa kwetu mtaa wa Kimemi bado naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijapoa. Jana umenitumia picha mbili kwenye simu, za mashine mbili za povu, ukaniuliza ipi itapendeza zaidi chini ya tangi lako la samaki wa baharini hapo Beni. Itapendeza! Nilisoma neno hilo nikalaza simu kifudifudi mezani, nikaenda kwanza kumwagilia vitunguu vyangu nisije nikakujibu vibaya. Sasa nimerudi. Nitakujibu, lakini itabidi unisikilize mpaka mwisho, maana hasira ya miaka mingi haitoki kwa ujumbe mfupi.

Nilikuwa msichana niliyetoka kumaliza shule, nikiishi kwa baba mdogo Paluku, ambaye aliuza vitambaa kwa jumla hapa Butembo. Katika safari zake aliona ukumbini mwa hoteli moja ya Dubai tangi la kioo lenye kipande cha bahari ndani: samaki wa rangi ya chungwa, na matumbawe hai yanayochezesha vidole majini. Akarudi na bahari ile kichwani, akawa hali wala halali. Fundi wa vioo akamtengenezea tangi refu kama kitanda. Samaki na vipande vya matumbawe vikaja kwa ndege hadi Entebbe, kisha kwa gari kupitia mpaka wa Kasindi, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa maji, vikiruka mashimo ya barabara pamoja na magunia ya watu. Sisi tulio milimani, ambao wengi wetu hatujawahi kuionja chumvi ya bahari ikiwa bado ndani ya maji yake, tukawa na bahari sebuleni.

Ila baba mdogo alikuwa mtu wa safari. Aliyeishi na tangi lile alikuwa mkewe, Mama Masika, mwalimu wa kemia katika shule moja ya wasichana mjini. Yeye ndiye aliyechanganya chumvi katika mapipa, akapima, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatia mkono majini kila alfajiri kabla ya kwenda kufundisha. Kulikuwa na tumbawe moja la zambarau lililofika likiwa dogo kama ukucha wa kidole gumba. Mikononi mwake likakua mpaka likawa kama ngumi. Taa ikiwashwa, lilifungua vidole vyake pole pole, naye aliacha kusahihisha daftari za wanafunzi akalitazama. Mama yule hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini mbele ya tumbawe lile nilimwona akicheka peke yake.

Tatizo lilikuwa uchafu. Maji ya tangi hayana pa kwenda. Samaki anakula humo, anajisaidia humo, anapumua humo. Mama Masika aliyasafisha kwa kuyabadilisha, ndoo kwa ndoo, na kila ndoo ilitaka chumvi, na chumvi ilitoka Uganda ikipita Beni. Unaijua barabara hiyo kuliko mimi. Ikifungwa kwa sababu ya vita, chumvi haifiki. Kwa hiyo akasema wazi, tukiwa mezani: “Paluku, tunahitaji mashine ya povu. Barabara ikifungwa tena, hivi viumbe bitakufa. Na bikikufa, nakuambia mbele ya batoto, hakuna kiumbe kingine kitaingia mu hii nyumba.”

Mashine ya povu, ambayo kwenye boksi imeandikwa écumeur, ni mnara wa plastiki tu. Pampu inavuta hewa na kuisaga ndani ya maji ya chumvi, viputo vidogo vinapanda, na uchafu usioonekana kwa macho unashikamana na viputo hivyo, unapanda navyo hadi kwenye kikombe cha juu. Humo unabaki kama chai iliyochemka mno, na unanuka hasa. Kile ambacho hakikutoka kwa njia hiyo kinaozea ndani ya maji.

Mama Masika alitaka moja, ndefu, yenye shingo ndefu, iliyotengenezwa kwa tangi kubwa mara mbili kuliko letu, kwa sababu alisema maandishi ya kwenye maboksi yanahesabu tangi lenye samaki wachache na maji safi, si la kwetu. Alitaka yenye pampu isiyoshtuka, kwa kuwa umeme wetu wa siku zile ulikuwa jenereta mchana na betri usiku, na kila zamu ilipobadilishwa kila kitu kilizima kikawaka upya. Akaongeza kwamba huku juu milimani hewa ni nyepesi na maji hayabebi ya kutosha, basi mashine hiyo ingekuwa pia pumzi ya samaki. Alieleza yote hayo vizuri kabisa, kama darasani. Baba mdogo akaitikia, “Sawa, sawa,” huku akitafuta viatu vyake.

Jumapili iliyofuata wafanyabiashara wenzake wakaja sebuleni, wale aliozoea kuagiza nao mizigo kwa pamoja. Mama Masika akaleta chai na ndizi. Nilikaa mlangoni nikasikia wanaume wale, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kulowesha kidole katika tangi lile, wakichagua mashine yake ya povu. Mmoja alitaka isiyopiga kelele wageni wakija. Mwingine alitaka yenye taa ya bluu. Mama aliposema, “Mais, lakini nilishamwambia Paluku,” mmoja wao akanyoosha kikombe: “Madame, sukari kidogo.” Kidogo! Ningeweza kummwagia bakuli zima.

Ndipo ikafika katoni. Baba mdogo aliikata mwenyewe kwa kisu, uso umejaa furaha, akaanza kutoa mashine. Moja, nyingine, nyingine tena, fupi fupi kama chupa za shampuu, kila moja na taa yake ya bluu.

“Hizi zote ni za nini?” akauliza Mama Masika.

“Muchina alisema moja ni bei ya rejareja. Mimi mutu ya gros, ya jumla, nitanunua moja kama nani? Nimechukua katoni. Tatu tutaweka ku tangi, zingine tutauza.”

“Utauzia nani? Mu Butembo yote kuko tangi ya bahari ngapi?”

Akafuta kisu kwenye suruali. “Batazipenda. Bataanza.”

“Na tatu hizi hazitafika moja kubwa.”

“Masika, hiyo ni calcul, ni hesabu ya mutoto! Tatu zinapita moja.”

Angalia kosa hilo, mwanangu, na uone lilivyo letu. Mfanyabiashara wa Butembo hawezi kushika kitu kimoja mkononi akakiona kuwa kimoja. Anaona katoni, anaona kontena. Akili hiyo ndiyo iliyojenga mji huu bila msaada wa mtu, nami siidharau. Lakini kipimo cha kitambaa si kipimo cha pumzi. Mashine fupi haikipi kiputo muda wa kukusanya kitu. Maji yanaingia na kutoka jinsi yalivyo. Ukizipanga tatu, una makosa matatu yenye taa za bluu.

Zilifungwa. Zikatoa povu jeupe, jepesi, la kupendeza, na vikombe vikabaki karibu safi. Baba mdogo akaita watu waone usafi ule. Mama Masika akauliza swali moja tu: “Kama kikombe ni safi, uchafu uko wapi?” Baba mdogo alikuwa ameshaondoka na mashine zilizobaki kwapani, kutafuta wanunuzi. Mama mmoja sokoni alimwuliza kama inaweza kupiga mayai ya keki.

Kisha barabara ikafungwa.

Chumvi ikaisha pipani. Maji yakaanza kuwa na ukungu, halafu harufu. Jumapili moja, jenereta ilipopokea zamu, mashine zile tatu zilishtuka kwa pamoja zikatapika kidogo zilichokuwa nacho, nusu kwenye zulia, nusu ndani ya tangi. Samaki wakapanda juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Tumbawe la zambarau likafunga vidole vyake vyote. Mama Masika alikuwa ameshavaa kwa ajili ya misa. Akavua kitenge chake kizuri, akachukua bakuli, akaanza kuchota maji ya tangi na kuyamwaga kutoka juu ili yashuke na hewa. Akichoka, nilipokea. Nikichoka, alipokea. Kengele zililia, watu walienda kanisani na kurudi, sisi tunachota na kumwaga. Baba mdogo alisimama nyuma yetu akisema, “Lakini zinafanya kazi, angalia taa inawaka.” Mwanangu, nilikuwa na bakuli mkononi na heshima kifuani, na sijui ni nini kilichozuia bakuli.

Barabara ilipofunguliwa, lori la kwanza kusimama mlangoni petu lilikuwa la Mzee Saidi wa Beni, msafirishaji, rafiki wa zamani wa baba mdogo, ndiye aliyetuletea chumvi siku zote. Aliingia, akasalimia, akaona zulia, akaona mikono ya Mama Masika imechubuka kwa chumvi. Akaziangalia zile mashine tatu, akaketi bila kungoja kukaribishwa.

“Paluku, mimi nikiwa na muzigo wa tani kumi ya kutoa Kasindi, natuma nini?”

“Lori.”

“Natuma pikipiki tatu zenye taa?”

Baba mdogo akacheka. Mzee Saidi hakucheka.

“Kule kwa Bachina uliuliza nani? Ule wa duka. Hapa uliuliza nani? Barafiki bako, wanakunywa chai na kuenda. Kuko mutu moja mu hii nyumba anaweka mukono mu ile maji kila siku, tena ni mwalimu, tena ni bibi yako. Yeye ndiye hukumuuliza. Una haya ya nini? Ya kusema mbele ya batu, bibi yangu ananipita hapa?”

Baba mdogo akasema taratibu kwamba ataagiza nyingine, kubwa.

“Hapana,” akasema Mama Masika. “Hautaagiza. Nitaenda mimi.”

Alibadilisha maji kwa chumvi mpya, kisha akaondoka na lori lile lile kwenda Kampala, mimi pembeni yake, na mtaa ukasema uliyoyasema: mke wa tajiri juu ya lori la chumvi. Miguuni alibana dumu la maji ya tangi letu. Muuzaji wa duka la samaki alimwonyesha kwanza mashine zenye rangi. Yeye akaomba beseni, akamimina maji yake, akasema, “Washa nione.” Muuzaji akacheka kwamba hakuna mteja anayefanya hivyo. “Basi nitakuwa wa kwanza.” Akainama kuangalia viputo, akitaka vile vidogo vinavyoyageuza maji kuwa kama maziwa. Akachomoa waya wa umeme, akachomeka, akachomoa tena, akitazama ipi inatapika na ipi inarudi kazini pole pole. Akavua kikombe kwa mkono mmoja, akakirudisha. Akauliza kama pampu ikifa atapata nyingine peke yake. Aliyoichukua ilikuwa ya kijivu, ndefu, yenye sura ya bomba la choo, na ilinguruma kidogo.

Tuliporudi, samaki walikuwa hai. Tumbawe la zambarau lilikuwa jeupe, mfupa mtupu. Mama Masika aliliweka kwenye kiganja, akalitazama, akalilaza dirishani, akaenda kufunga mashine. Asubuhi kikombe kilikuwa kimejaa uji mweusi, na harufu yake ilifika mpaka barabarani.

Jumapili wenzake baba mdogo wakaja tena. Akasimama mbele ya tangi ndani ya suti yake ya safari, akaanza: “Hii mashine sasa, mimi nilifikiri sana mbele ya kuinunua…” Mama Masika akapita katikati yao, akavua kile kikombe kilichojaa, akakiweka katika mikono miwili ya baba mdogo. “Kama ni yako, osha.” Wote walirudi nyuma wameshika pua. Baba mdogo alitazama kikombe, akamtazama mkewe. Kisha, mwanangu, mtu yule mkubwa alipita na uvundo ule mbele ya wageni wake wote hadi bombani uani, akapandisha mikono ya suti, akaosha. Tangu siku ile, kila alipokuwa nyumbani, kazi hiyo ilikuwa yake, na hakununua kitu cha tangi bila kuuliza kwanza.

Sasa shauri langu ni hili. Usipime mashine ya povu kwa taa, wala kwa ukimya, wala kwa bei ya jumla. Chukua moja, kubwa kuliko boksi linavyokudai, uitie majini mbele ya muuzaji, uikatie umeme kama unavyokatika Beni, uone. Uchafu uutafute kikombeni. Usipouona hapo, ujue unawanywesha viumbe wako. Umewatoa baharini bila kuwauliza, una deni la kuwapa pumzi.

Na hizo picha mbili, kabla hujanitumia mimi niliye Butembo, ulimwonyesha Kanyere mkeo? Pasaka nilikaa kwenu siku nzima. Wewe ulikuwa dukani. Mkono niliouona ndani ya maji yale ulikuwa wake. Nenda umwonyeshe leo, ukae, usitafute viatu vyako wakati anaongea.

Mungu awape nyumba ambamo anayefanya kazi ndiye anayesikilizwa kwanza, awajalie maji yenye uhai, na matumbawe yenu yafunguke kila taa inapowaka. Amina.