Namba 135 Imeshikiliwa

Kwa miaka kumi na tisa Alphonce alichapa barua za nusu ya Newala kwa mkono mmoja, na wenye miwili wakampangia foleni. Wa kushoto uliliwa na mashine ya kusaga kule Chiungutwa, akiwa kijana. Hakuulilia sana. Alisema mkono ule ulikuwa mvivu tangu utotoni.

Alipopata kompyuta alijifunza kuiandikia amri za kuhamisha vitufe vya kushikilia. Hivyo ni Shift, Kontroli na Alti, ambavyo vyenyewe havina neno ila hubadili maneno ya wenzao, kama mawifi. Shift ya kushoto akaifanya Kontroli. Ya kulia ilishakufa kwa vumbi. Shift yenyewe akaihamishia kwenye kile kitufe kidogo cha kulia ambacho watu huzaliwa na kufa bila kujua kazi yake. Kwa mashine, jina lake ni namba 135.

Alifia kitini, katikati ya barua ya mtu.

Kwao duka hurithiwa kwa upande wa mama, kwa hiyo lilimwangukia Julia, binti wa dada yake, aliyesomea kompyuta mwaka mmoja Mtwara kabla ada haijamshinda. Siku ya kumi na tatu baada ya mazishi alifungua mlango, kwa sababu Mwalimu Nehemia alikuwa anataka mtihani wa majaribio, kurasa sita, kabla ya saa kumi jioni.

“Ukishindwa niambie mapema,” alisema mwalimu. “Niupeleke Tandahimba, na kazi zote za shule ziende huko huko.”

Bila kazi za shule, lile lisingekuwa duka tena, bali banda lenye meza.

Saa sita mchana Julia alianza. Kidole chake cha kushoto kilikwenda kwenye Shift kama kilivyozoea, akaandika W ya “Wanafunzi”, na dirisha likajifunga. Akaanza upya. P ya “Pwani” ikamletea kisanduku cha kuchapisha.

“Mjomba, Mungu akulaze pema,” akasema, “lakini hapa ulifanya ufedhuli.”

Akaandika amri mbili. Ya kwanza ilisoma orodha ya vitufe vya kushikilia, kila kimoja na namba yake. Ya pili ilikuwa ya kuirudishia mashine orodha iliyorekebishwa, Shift zikae zilikozaliwa. Ya kwanza ilijibu vizuri. Ya pili ikakataa: haiwezekani, kitufe cha Shift kimeshikiliwa.

Hilo alilijua. Mashine haihamishi kitufe ambacho kidole cha mtu bado kiko juu yake. Akainua mikono yote miwili, akarudia. Imeshikiliwa. Akauliza ni kipi. 135.

Akachomoa kibodi, akaigeuza, akaikung'uta. Zikadondoka chembe za korosho. Nje jua lilikuwa kali, barabara tupu, hata pikipiki hazikusikika. Kibodi ikiwa mapajani mwake, waya wake unaning'inia, akarudia amri kwa kubofya kipanya.

Imeshikiliwa.

Mama yake mdogo, Magdalena, akaingia na bakuli la muhogo.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba. Mbona umekaa kama umeona nyoka?”

Julia akamweleza. Magdalena hakucheka, na mwanamke huyu hucheka hata msibani. Akaweka bakuli chini.

“Babu yako alifia shambani. Jembe nani alilitoa mkononi?”

“Si mjomba? Alilipokea kabla hawajamnyoosha vidole.”

“Ndivyo tunavyofanya. Anayefia kazini hanyang'anywi, anapokelewa. Sasa huyu mjomba wako nilimkuta mimi. Kidole kiko hapo hapo kwenye kitufe, kimeng'ang'ania. Nikakivuta.” Akatazama mikono yake. “Nani angejua kwamba hiki nacho ni jembe?”

“Kwa hiyo nifanye nini?”

“Unaniuliza mimi? Pokea.”

Julia akachomeka waya. Akaweka kidole juu ya 135. Kitufe hakikuzama, kwa sababu kilikuwa chini tayari. Kilikuwa na joto.

“Mjomba, ni Julia,” akasema. “Nimepokea. Pumzika.”

Kisha kitufe kikaanza kupanda chini ya kidole chake, polepole, kama mtu anayeachia kikombe cha moto akihakikisha kwanza kwamba mwenzake amekishika.

Akatuma amri. Ikakubali.

Alichapa bila kugusa muhogo. Saa kumi kasoro dakika nne Nehemia alikuwa mlangoni, akapekua kurasa sita, akasema, “Basi, kazi za kidato cha pili nakuletea Jumatatu,” akaondoka.

Julia akasoma orodha mara moja zaidi. Kwenye safu ya Shift palikuwa na namba mbili, ya Shift ya kushoto na ya kulia, kisha sifuri mbili; 135 haikuwemo. Sifuri maana yake nafasi ipo, haina mtu.

Mara ya pili hakuthubutu kuisoma, asije akakuta moja imepata mtu.