Kaunsela wangu alipokuwa mama mkwe

Wakuu, heshima zenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na chumvi sijaongeza.

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: nikimwacha kaunsela wangu, kifua kitabana kama zamani? Na nikibaki naye, nitamwambia nini?

Nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa na digrii, sina kazi, nakaa kwa kaka yangu Kanduyi, Bungoma. Nikiitwa interview, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, pumzi zinakata. Daktari akapima moyo, akasema hauna shida. Nikabaki kuwaza labda mashine yake ndiyo mbovu. Ndivyo nilivyo.

Akanielekeza Kitale kwa Mama Nafula, kaunsela mwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa. Umbali ulinifaa. Bungoma kila mtu anamjua shangazi yako.

Mwanzo nilimtilia shaka. Lakini alisikiliza bila haraka, na nikijikwaa alingoja. Nikamwambia hata yale ya chumbani na mchumba aliyeniacha, mambo ambayo kaka hajui mpaka leo. Polepole nikaanza kulala. Nikaweza kukaa mbele ya wanaonihoji bila kukimbilia choo.

Kisha kaka akataka kuoa. Tukaenda Misikhu kwa wakwe kuzungumzia mahari. Watu wanatambulishana, nainua macho: Mama Nafula, ameketi na akina mama wa bibi harusi. Ni dada ya mama yake.

Watu wa kwetu mmeshaelewa. Dada ya mama ni mama, na mama mkwe wa kaka ni mama mkwe wangu. Humpi mkono, humkazii macho, na ya chumbani huyataji mbele yake.

Na mimi nilishayataja yote.

Niliendelea kwenda Kitale, ila macho yakiwa sakafuni.

"Kifua vipi?"

"Salama, mama."

"Usingizi?"

"Salama."

"Ulipokuwa unaniita Madam ulikuwa mgonjwa," akasema. "Sasa ni mama, na umepona ghafla."

Sikupona. Kifua kilikuwa kimeanza kubana tena, na usiku nilihesabu mapigo ya moyo.

"Si utafute mwingine, bana," kaka akaniambia. "Kwani kaunsela ni huyo tu Kenya nzima?"

Nikawaza majuma mengi. Labda nikianza upya na mgeni nitarudi mwanzo kabisa. Labda niache tu. Kuwaza kwenyewe kukanichosha kuliko ugonjwa.

Mwishowe nikaenda, nikasimama mlangoni kwake.

"Mama, sijapona. Nakuonea haya tangu Misikhu."

Akaweka kalamu mezani. "Hata mimi nakuonea haya, mkwe. Nikadhani umechoka nami." Akasema kuna mwenzake Eldoret, mwanamume, anaweza kunipeleka kwake, na hapatakuwa na kinyongo.

Niliingia. Nikageuza kiti changu kikatazama dirisha. Naye akageuza chake kikatazama mlango. Tukapeana migongo, nikaanza kuongea.

Haukuwa muujiza, ilichukua miezi kifua kulegea tena. Lakini nilijifunza hili: matibabu ya namna hii hayasongi mbele ukimficha anayekutibu, hata kama unachomficha ni haya unayomwonea yeye mwenyewe.

Wenye uzoefu karibuni. Wewe ungeenda Eldoret, au ungegeuza kiti?