Zelig, Mtu wa Kumi

Zelig Rapaport alikuwa mwanafunzi kwa miaka kumi na moja, na si kwa sababu ya ujinga. Kichwa alikuwa nacho. Tatizo ni kwamba Chama cha Wanafunzi wa Kiyahudi pale chuoni Wexbury kilikuwa na wanaume tisa, na sala ya pamoja haisaliwi mpaka watimie kumi. Zelig ndiye aliyekamilisha akidi. Alipomaliza sheria wakamlilia, akaanza jiolojia. Alipomaliza jiolojia wakamlilia tena, akaingia Kigiriki. Mwaka ule wa hamsini na nane alikuwa anasomea historia ya maaskofu wa Kikristo, maana masomo mengine yalikuwa yamemwishia. Wanachama wakihitimu watatu, waliingia watatu, kama vile kuna mtu anawapima kwa kibaba. Wasichana walikuwapo wengi, ila siku hizo hawakuhesabiwa, na walilalamika kila Ijumaa.

Chama chenyewe kilikuwa kichekesho tangu kuzaliwa. Kilianzia juu ya duka la fundi baiskeli, kikavunjika wiki ya pili kwa ugomvi wa samaki. Wenye asili ya Poland walitaka madonge ya samaki yatiwe sukari. Wenye asili ya Lithuania wakasema hayo ni matusi, yatiwe pilipili manga. Vikawa vyama viwili. Ijumaa iliyofuata vikaungana tena, kwa sababu sufuria ilikuwa moja. Zelig alikuwa msuluhishi wao wa kudumu.

Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Bluma Zucker lilikuwa limeuma vya kutosha. Alikuwa mchumba wa Zelig kwa miaka mitano. Siku moja alikuja kutoka Leeds kumchukua mwenyewe.

“Treni hii ikiondoka bila wewe,” alimwambia pale stesheni, “naolewa na yule muuza manyoya anayenichumbia. Na wewe ubaki na maaskofu wako.”

Zelig akapanda mbio. Hajakaa vizuri, chama kizima kikatokea kinahema, mbele yao Gershon, mwenyekiti.

“Zelig, ndugu yangu, sala moja tu ya alasiri. Ya kuagana.”

“Hizo ‘moja tu’ zako nazijua, Gershon!” Bluma alidakia. “Ndizo zilizonizeesha!”

“Shemeji, dakika chache tu.”

“Basi salini humu humu behewani. Mguu wa Zelig usiguse chini.”

Wakaingia wote tisa. Wakabishana kwanza Yerusalemu, wanakoelekea wakisali, iko upande gani, halafu wakaanza sala ya kusimama, ile ambayo miguu hubanwa pamoja na mtu hasogei wala hajibu. Wahenga wao walisema hata nyoka akikuzingira kisigino, usikatize. Kuhusu treni hawakusema kitu.

Filimbi ikalia. Treni ikaondoka. Gershon alifumbua jicho moja, akaiona stesheni inakwenda zake, akalifumba. Bluma alicheka mpaka machozi.

Mara akaingia mkagua tiketi, mzee mwenye sharubu.

“Tiketi!”

Watu wanayumbayumba tu, macho wamefumba.

“Nyie! Mmelewa?”

“Hawajalewa, mzee,” Bluma alisema. “Wanasali. Hawawezi kukujibu.”

Mzee akawatazama. Kisha akaiweka sawa kofia yake, akabana miguu pamoja pale pale mlangoni, midomo ikaanza kumcheza. Ulipofika wakati wa kuitikia amina, yake ndiyo ilikuwa ya kwanza.

“Haya,” alisema walipomaliza. “Tiketi.”

“Mzee,” Gershon aliuliza kwa kigugumizi, “kumbe wewe ni wetu?”

“Naitwa Krantz. Nakaa Wexbury, nyuma ya stesheni.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla ya vita.”

“Na hujawahi kuja kwetu!”

“Mlangoni kwenu pameandikwa chama cha wanafunzi. Mimi mkagua tiketi niingie kama nani? Nasali peke yangu jikoni. Huyu hapa,” akamwonyesha Zelig, “kila akienda Leeds namtobolea tiketi yake ya mwanafunzi. Nasema moyoni, jamaa mtu mzima hivi, anafeli nini?”

Zelig akahesabu miaka: kumbe mtu wa kumi alikuwapo siku zote. Mawe yote yale, maaskofu wote wale! Iliuma, kusema kweli. Bluma naye alikuwa ameacha kucheka.

“Mzee Krantz,” alisema, “Ijumaa jioni una kazi?”

“Ijumaa? Sina.”

“Basi nenda kwao. Wanakuhitaji.”

Mzee akazipangusa sharubu. “Kuna samaki?”

“Wapo!” Gershon alirukia. “Watamu, wa sukari!”

“Sukari kwenye samaki? Matusi gani hayo?”

Behewa likagawanyika hapo hapo, nusu kwa nusu. Kwa mazoea, Zelig akataka kuinuka akawasuluhishe. Hakuweza. Bluma alikuwa amekalia pindo la koti lake.

“Tulia,” alisema. “Wametimia bila wewe.”