Nilivyomwachisha Mwanangu Kunyonya

Uvimbe ulipojitokeza kwenye titi langu la kushoto, wa kwanza kusingiziwa alikuwa mwanangu, mtoto wa miezi saba. Mama mkwe aliubonyeza kwa kidole kimoja akatoa hukumu papo hapo: "Huyu amekubeulia." Wazee wengi wa kwetu wanaamini kwamba mtoto akibeua huku chuchu ingali mdomoni, ile hewa inaingia ndani ya titi na kulivimbisha. Dawa yake ni kitana. Unakaa mkekani, unachanwa titi kutoka juu kushuka kwenye chuchu, na mtuhumiwa anakalishwa mbele yako akichezea kijiko. Nilichanwa kwa wiki nyingi. Mimi nauza usipa, vile vidagaa vya Nyasa, sokoni Mbinga mjini, na hiyo ni biashara ya wenye midomo. Sijaona mteja wa kunishinda kwa maneno. Lakini mbele ya kitana cha mama mkwe nilitulia kama maji mtungini.

Uvimbe haukusikia kitana. Ulizidi kuwa mgumu, na ngozi ya juu yake ikaanza kudidimia. Mume wangu akasema sasa basi, akanipakia kwenye pikipiki hadi hospitali ya misheni, mtoto nikiwa nimembeba mgongoni. Walikata kipande kidogo cha nyama wakakipeleka mbali kupimwa. Majibu yaliporudi daktari alituita wote wawili ofisini. Alikuwa kijana mpole, mtu wa kutoka Bukoba aliyepangiwa kazi huku kwetu kwenye baridi, na alivaa sweta chini ya koti lake jeupe. Alisema ni saratani. Alisema nitalazwa, nitatundikiwa dripu za dawa kali ili uvimbe upungue, halafu ndipo wanifanyie upasuaji. Yote hayo niliyasikia nusunusu. Nililolisikia vizuri ni la mwisho.

"Na mtoto asinyonye tena, mama. Hata hilo titi zima. Dawa inapita kwenye maziwa."

"Kuanzia lini?"

"Dripu ya kwanza tunaitundika leo."

Nikamwuliza kama naweza kumnyonyesha mara moja kabla haijatundikwa. Akaitikia kwa kichwa, akatoka nje pamoja na mume wangu. Nilimpa mtoto titi la kulia. Alinyonya kama siku zote, akinifinyafinya kifua kwa mkono wake mmoja, kisha akasinzia. Kwetu kumwachisha mtoto kuna utaratibu wake. Unapaka shubiri, anaonja, anakunja uso, anakukasirikia, baadaye anapelekwa kwa bibi akasahau. Wangu hakupewa hata nafasi ya kunikasirikia. Alilala ananipenda, akaamka yuko mapajani kwa mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kusikia majibu pamoja nasi, ndani ya gari la kushukia Kihagara, ufukweni mwa ziwa, kwetu nilikozaliwa.

Wodini nilikuta kwamba mwili wangu haukuwa na taarifa. Maziwa yaliendelea kuja. Sista, mtawa aliyekuwa mkuu wa wodi yetu, alinipa vidonge vya kuyakausha na kunifunga kifua kwa kitenge hadi nikapumua kwa shida. Wodi ya wazazi ilikuwa ng'ambo ya bustani tu, na kila kichanga kilipolia kule, mimi huku nililowa maziwa. Nililia sana siku zile za mwanzo. Watu walidhani nalilia ugonjwa, wakanipa pole ya ugonjwa, nami nikawaitikia.

Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu, ikishuka taratibu kwenye mpira. Jirani yangu wa kitanda cha pili, mkulima wa kahawa kutoka upande wa Kigonsera, mwanamke wa makamo ambaye yeye alikuwa na saratani ya kizazi, aliiita rozela, ile juisi nyekundu ya maua. "Leo mwenzangu unakunywa rozela," alikuwa akinitania, "tena ya bure, hata sukari hujachangia." Nilicheka, halafu nikatapika. Nilitapika mpaka nikawa sina cha kutapika. Nywele zilianza kutoka kwa mafungu, nikashika kichwa kimoja chepesi nisichokijua. Kisha homa ikanipanda, daktari akapima damu akasema chembe nyeupe zimeshuka mno, siwezi kwenda nyumbani wala siwezi kupewa dripu ya pili. Ni kusubiri. Nikauliza nifanye nini ili zipande. Akasema kula, pumzika. Nikamwambia daktari, mimi nimezoea kupandisha bei ya usipa, hizo chembe zenu zinapandishwa vipi? Alitabasamu akarudia: kula, pumzika. Ilinichoma sana kwamba kulikuwa hakuna la kufanya. Ningeambiwa nipande mlima na gunia kichwani ningepanda.

Nikabaki na simu. Kila jioni nilimpigia mama Kihagara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mtoto?"

"Mume wangu hana neno." Ndivyo alivyomwita, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. "Amekula uji wake, nimemtwangia usipa kidogo humo ndani, amemaliza bakuli. Sasa amelala."

"Hajalia?"

"Alie kwa nini? Mume wangu hana shida."

Nilipaswa kushukuru. Na nilishukuru, Mungu ni shahidi, lakini nilipokata simu nilikuwa na hasira. Nilitaka alie kidogo. Nilitaka siku moja tu mama aniambie mtoto amekataa uji, anazunguka nyumba ananitafuta. Kufa niliogopa, siwezi kudanganya. Ila lililonikosesha raha zaidi ni kufa wakati mtoto hanijui, awe mkubwa halafu aonyeshwe picha yangu na aulize huyu ni nani. Watoto wangu wawili wakubwa walikuwa wananijua vizuri, hata ukali wangu. Huyu mdogo kitu pekee tulichokuwa nacho ni kile kunyonya.

Nikamwomba mama amlete. Mwanzoni alikuwa na sababu nyingi: njia mbovu, mvua, baridi ya milimani itamwua mtoto kwa kikohozi. Mama yangu si mtu wa kuogopa safari. Nilianza kuhisi kuna kitu ananificha, nikadhani mtoto anaumwa. Nikamfokea kwenye simu mpaka wodi nzima ikanigeukia, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mama. Akasema, "Haya, nitakuja."

Watoto walikuwa hawaruhusiwi wodini, kwa hiyo sista alinitoa barazani na kuniweka kwenye kiti, blanketi magotini, kitambaa kichwani. Mama alikuja na mtoto mgongoni. Alikuwa amenenepa mtoto wangu, mashavu yameshuka, na amevaa sweta nisiyoijua. Nikanyoosha mikono. Mama akamfungua, akaniwekea mapajani.

Aliniangalia. Nilimwita kwa lile jina letu la kitandani, nikachezesha ulimi kama alivyopenda. Akaangalia kitambaa changu, akaangalia mdomo wangu uliokuwa na vidonda, midomo yake ikaanza kutetemeka, kisha akapiga ukelele wa mtoto aliyeshikwa na mtu asiyemjua. Alijirusha nyuma. Nilitaka kumshikilia, lakini mikono haikuwa na nguvu, na mama akamdaka kabla hajaanguka.

Akambembeleza. Akamtembeza barazani huku na huku, akamwonyesha kuku, akampa biskuti, mtoto akaitupa. Alilia mpaka akaanza kukauka sauti. Na mama badala ya kufanya lolote akawa ananitazama mimi, kama mtu anayeomba ruhusa ya jambo ambalo haliwezi kusemwa. Hatimaye akaketi kwenye ngazi, akanipa mgongo, akapandisha kitenge mabegani. Kilio kikakatika palepale.

Nilisimama kwa kushika ukuta nikasogea. Mtoto alikuwa ananyonya. Mama yangu ni bibi wa wajukuu wengi, na mimi ndiye kitinda mimba wake. Titi lile lilikuwa limelala bapa kifuani na halikuwa na kitu. Mtoto alinyonya hivyohivyo, macho nusu wazi, mkono wake mmoja ukimfinyafinya kifua.

"Nisamehe, mwanangu," mama alisema bila kugeuka. "Sikutaka uone. Alikuwa halali kabisa. Ulivyoniuliza kama analia, nilikudanganya. Alikulilia mpaka nikaogopa roho itatoka, nikampa tu anyamaze. Hamna kitu humu, anajua hamna kitu. Nitamwachisha. Hata leo nikirudi namwachisha."

Kumbe alinililia. Nilikuwa nimelitaka sana neno hilo, na lilipokuja halikunisaidia kitu. Nilikaa kwenye ngazi karibu naye. Tangu nilazwe kila mtu alikuwa ameniamulia: daktari, sista, damu yangu mwenyewe. Hili moja liliachwa niliseme mimi.

"Usimwachishe, mama."

"Utapona, atakurudia."

"Nikipona tutaona. We usimwachishe. Na akianza kusema, akikuita mama, itika."

Mtoto alikuwa ameshalala, akaliachia titi. Mama akashika ncha ya kitenge akamfuta midomo, akaifuta tena vizuri, ingawa haikuwa na hata tone la maziwa.