Maziko ya Shomari Juu ya Waya

Mdogo wangu Shomari akili zake hazikuwa sawa, na nasema hivyo kwa kumpenda. Wenzake wa Manzese walihangaika na vibanda vya biashara, yeye akahangaika na waya. Alikuwa mtu wa sarakasi, akiitwa kwenye sherehe kutembea angani, na hakuna kingine alichokiweza duniani. Mwaka tisini na mbili akaanguka Temeke, akavunjika mguu. Mguu ukapona, moyo ukagoma. Miezi minane akipanda anakumbatia nguzo, kisha anashuka.

Mama akachoka. "Jumapili uvuke mara moja. Ukishindwa, unaacha kabisa, unakwenda kuuza mitumba na dada yako." Dada ndiye mie, Mwanakombo, na sikumtaka. Mtu mpole vile angegawa nguo bure.

Jumapili tukaenda Bunju. Mwenye duka jipya la simenti alitaka watu wajae, basi waya ukakazwa juu ya shimo la mchanga, mnazi hadi mnazi. Nikamlazimisha Shomari ajifunge kamba ya kiunoni.

Jirani yetu Polikarpo, Mnyamwezi, akaja na jembe na shuka jeupe. Sie Wazaramo ni watani wao, na mtani ndiye anayechekesha msibani. Akaanza kulia kwa sauti: "Jamani Mzaramo wangu! Kafa hata pilau hajala! Suruali zake nani atarithi?" Watu hoi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Shomari akaenda hatua kumi, akaganda katikati. Polikarpo akanyamaza, akaliweka jembe chini taratibu. Hapo ndipo nilipoogopa, maana mtani hanyamazi msibani hata siku moja.

Shomari akaita kutoka juu, sauti ikikwaruza: "We Mnyamwezi, mbona kimya? Au nimekufa kweli?"

Polikarpo akaliokota jembe. "Hujafa! Ila umeshaanza kunuka!"

Shomari akacheka. Mabega yakalegea, mguu ukainuka, na mwingine ukafuata. Akafika ng'ambo, akaukumbatia mnazi, na watu wakapiga makofi mpaka wakachoka. Nikajua amevuka, yamekwisha, twende nyumbani.

Akageuka. Akautazama waya kidogo, kisha akaanza kurudi, bila kuambiwa na mtu, huku akimtukana Polikarpo.

Mama akafumba macho, machozi yakimtoka na kicheko pia. "Basi," akasema, "huyu si wangu tena, ni wa waya."